Meza Iliyotoka Nje

Ijumaa, 1 Agosti

Shule zimefungwa na nyumba imejaa. Valentine amerudi na sanduku la nguo chafu na majigambo ya Kidato cha Nne. Mdogo wake Nashon amerudi na njaa. Mahindi ya baba yao yalifika kabla yao. Monari, mume wangu, ananunua mavuno ya watu kutoka huku Migori mjini mpaka Kehancha, na ghala likijaa, sebule yangu ndiyo ghala la pili.

Jioni kila mtu alikula alipokuwa. Nashon alikula juu ya gunia, Valentine kwenye ngazi ya jikoni, Monari huku akiongea kwa simu na mwenye lori. Mimi nilikula nimesimama kando ya meko, kama kawaida. Meza yangu ya mvule imelala chini ya sare za shule. Mjomba wangu fundi alikuja kutoka Karungu kunitengenezea meza hiyo humu humu sebuleni mwaka tuliohamia, na haijawahi kuliwa juu yake hata siku moja. Nimeigeuza kuwa ya kukatia vitambaa, maana cherehani ndiyo inayonilisha.

Jumatatu, 4 Agosti

Tumempeleka Mzee Onsongo Homa Bay kwenye kliniki ya macho. Huyu ni baba yake Monari. Ametoka Rongo, ambako amekaa peke yake tangu mama mkwe wangu afariki mwezi wa tatu. Jicho la kulia limetolewa mtoto wa jicho na kufunikwa. La kushoto lina ukungu wake wa zamani. Daktari amesema akae karibu, atiwe dawa kila siku, arudi tarehe kumi na nane. Akizembea, jicho litaharibika. Kwa hiyo atakaa kwetu, kwenye chumba cha uani.

Alipokuwa ndani na daktari nilikimbia kupeleka mapazia kwa mteja wangu, nesi mstaafu, anayekaa kwenye mteremko unaotazama ziwa. Nilimkuta ameketi peke yake, kitambaa cheupe mezani, kikombe juu ya kisahani, maua mawili kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nikamuuliza anamngoja nani.

"Simngoji mtu, nakunywa chai," akasema. "Keti kwanza, mapazia yatatundikwa."

Nikaketi. Chai ile ilikuwa ya majani yale yale ninayonunua mimi. Lakini niliinywa polepole nikaisikia mpaka mwisho, na nikaona aibu, maana kabatini kwangu kuna vikombe vya harusi vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo watoto wangu wanaviona kwa kioo tu. Tunawawekea wageni. Wageni wenyewe wakija wanataka soda.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetoa amri. Likizo hii, jioni tunakula mezani, wote, tumeketi, kwa vyombo vizuri. Simu zinabaki kwenye kapu la nyuzi. Hakuna kuinuka kabla ya wote kumaliza.

Nashon aliangalia vikombe nikivifuta. "Mathe, nani anakuja?"

"Wewe."

"Mimi nilikuja Friday."

"Basi leo ndiyo unapokelewa."

Monari alisema ana lori inapakia. Nikamwambia lori ina dereva. Alicheka, lakini akaja, akala kwa kasi ya mtu anayefukuzwa, akaondoka. Sare nimezihamishia kitandani kwetu. Tutalala nazo.

Jumatano, 6 Agosti

Tulikuwa tumeketi, nimechota tu ugali, mawingu yakafunga upande wa ziwa. Monari akaruka, watoto wakaruka, wote nje kuokoa mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai. Mvua yenyewe haikunyesha. Nilibaki na sahani nne na maua yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mawingu tena, mbio tena. Chakula kikapoa tena.

Sahani ya Mzee inarudi nusu kutoka uani, na kila siku ile nusu inakua. Nimempikia ugali wa wimbi, nimempikia mboga za chinsaga kwa maziwa namna wanavyopenda Wakisii, uchungu umetolewa vizuri hata mama mkwe angenisifu. Valentine anasema anakula vijiko viwili vitatu, kisha anaweka mkono juu ya sahani. Shati lake linaning'inia. Nina wasiwasi, na nikiwa na wasiwasi mimi hufanya mambo makubwa. Kesho ni jioni ya kupokea Sabato. Nitamwalika mezani.

Nilimuuliza Monari kama kuna ubaya. Alikuwa anashona mdomo wa gunia. Akasema, "Hapa ni town, Roseline," bila kuinua kichwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimeaibika, na nitaandika yote.

Tangu asubuhi nilikuwa mtu wa fahari. Nilihamisha magunia mwenyewe nikisaidiana na Valentine, nikapiga pasi kitambaa cha meza nilichotarizi nikiwa mchumba, chenye ndege wa buluu pembeni. Vikombe vya dhahabu vilipangwa. Dada ya Monari, Nyanchoka, anayeuza nguo sokoni Kehancha, alifika saa kumi kutuona na kumjulia baba yake hali. Akasimama mlangoni akashika kiuno. "Ng'o! Hii ni hoteli ama ni kwa ndugu yangu?" Nilifurahi mpaka masikio.

Kiti cha mwisho nilikiwekea mto. Nyanchoka alipokuwa jikoni akitoa maziwa, nikamtuma Valentine amlete babu yake. Sikumwambia amweleze wanakoenda. Nilitaka iwe jambo la kushtukiza.

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi ni Mjaluo wa Karungu, lakini nimeolewa Kisii miaka kumi na minane, na kwetu pia wakwe wana miiko yao, siwezi kusingizia ugeni. Najua chinsoni, miiko ya heshima ya Wakisii. Najua kwamba baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na kwamba miaka yote Mzee Onsongo akija anaketi nje na sahani inamfuata huko. Nilijua, lakini nilijiambia kwamba hii ni nyumba ya mawe, iko mjini, tena analala ndani ya geti letu, na mambo yamebadilika. Kusema kweli nilitaka tu meza yangu ijae.

Mzee alikuja ameshikwa mkono na mjukuu wake, jicho moja chini ya bandeji, la pili likiona vivuli. Alivuka kizingiti. Akapiga hatua mbili, tatu, mguu ukakanyaga zulia. Akasimama. Akausikia mlio wa vijiko.

"Valentine," akasema polepole, "hapa ni wapi?"

"Ni kwa sitting room, Sokoro. Mum ameweka meza."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukianguka vile. Hakunigombeza. Aligeuka akinyoosha mikono mbele, akitafuta mlango, akagonga bega kwenye fremu, na Monari, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka ghalani, akamshika akamtoa. Wote wawili hawakutazamana.

Nyanchoka alitoka jikoni na sufuria mkononi. "Roseline, umemuingiza mzee kwa nyumba ya mtoto wake kama ng'ombe anasukumwa kwa dip."

"Nilikuwa nataka akule," nikasema.

"Hata sisi tunataka akule."

Hakuna aliyekula vizuri. Mzee alirudisha sahani bila kuigusa, pamoja na ujumbe kupitia kwa Valentine: Sabato ikiisha, arudishwe Rongo. Anakaa peke yake kule. Ni nani atakayemtia dawa? Nani atamleta Homa Bay tarehe kumi na nane? Nimeudhika na mila, nimeudhika na Monari na "town" yake, lakini zaidi nimeudhika na mimi mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumetoka kanisani. Mzee hakwenda. Amekunywa uji nusu kikombe, kikombe cha plastiki.

Jumapili, 10 Agosti

Monari amemwomba akae mpaka Jumatano, kwamba gari halipo. Gari lipo. Ni mara ya kwanza kumsikia mume wangu akidanganya kuhusu gari, na nimempenda kwa hilo.

Nyanchoka, aliyeamua kubaki kwa ajili ya baba yake, na mimi tulikuwa tunapepeta maharagwe. Nikajishusha, nikamuuliza mama alikuwa anamfanyia nini huyu mzee akala, maana nimempikia kila kitu na bado hataki kula. Nilitarajia aniambie kiungo fulani.

Akafikiri. "Chakula haikuwa kitu special. Mama alikuwa anaketi na yeye."

"Wapi?"

"Si hapo nje tu. Sahani zilikuwa zinatoka mbili."

Nikaacha kupepeta. Ni kweli. Kila walipokuja, mama mkwe aliingia, akanisalimia, akaonja mboga zangu, kisha akachukua sahani yake akatoka. Mimi nilidhani anatoka kwa sababu ya joto la jikoni. Kumbe muda wote huo alikuwa anatoka ili mumewe asile peke yake. Na sisi tangu afariki tumekuwa tukimpelekea sahani moja, nzuri, ya moto, na kumwacha nayo. Nililia pale kwenye ungo na sikujificha.

Kisha nikasimama, nikafuta macho kwa upande wa leso. Nikamwambia Nyanchoka kama mzee haji mezani, meza itakwenda kwa mzee.

Jumatatu, 11 Agosti

Meza haipiti mlangoni.

Bila shaka haipiti. Mjomba aliijenga humu ndani, na mlango uliwekwa na watu waliodhani hatutakuwa na kitu kikubwa cha kutoa. Tuliilaza ubavu, tukaisimamisha, Nashon akakwama kati ya mguu wa meza na ukuta, akaitisha msaada kwa Sheng yote anayoijua. Dirishani kuna vyuma. Valentine akasema tutumie ile ya plastiki ya kuoshea vyombo. Nikamwambia sitampokea baba mkwe wangu kwa meza ya kuoshea vyombo.

Monari alikuwa amesimama na funguo za lori mkononi akitutazama. Nilidhani ataondoka. Akaziweka funguo kwenye kapu la nyuzi, akaenda ghalani, akarudi na bisibisi na nyundo. Akapiga magoti. Mjomba hakutumia misumari ya ovyo, kila mguu una skrubu ndefu zilizozibwa kwa nta, na Monari alizitoa moja moja, akizipanga sakafuni kwa mstari. Simu ikalia mpaka ikachoka. Sikujua mume wangu anajua kufanya kitu polepole. Alasiri ubao ulitoka nje ukiwa umebebwa na watu wanne, na kwenye mwanga wa jua niliona rangi yake kwa mara ya kwanza, nyekundu ya asali.

Tumeiunga tena uani, chini ya mabati, mahali mizani ya kupimia magunia inapotundikwa. Inaonekana kama ilizaliwa hapo.

Jumanne, 12 Agosti

Nilikuwa na swali moja bado. Nyanchoka alinijibu kabla sijaliuliza.

"Sasa usikae hapo mbele yake. Mkwe na mkwe kukula meza moja, macho kwa macho, hataweza. Chakula itamea mizizi kwa koo."

Meza ni yangu, kitambaa ni changu, vikombe ni vyangu, na mimi ndiye nisiyepaswa kuketi hapo. Nilihisi kiburi kinanipanda. Kisha nikalitazama lile jambo vizuri nikaona kiburi kinaweza kunifaa. Nikabeba meza ya cherehani, nikaiweka pembeni mwa veranda, hatua kadhaa kutoka kwao, upande wake, si mbele yake. Nikaitandikia kitambaa, nikaweka kikombe changu cha dhahabu, kisahani, ua moja. Nimekula nimesimama miaka kumi na minane. Leo ningekula nimeketi, kwenye meza yangu mwenyewe, kama mgeni wa heshima.

Jioni Valentine alimwendea. Safari hii nilimwagiza aseme kila kitu: kwamba meza iko uani chini ya mabati, kwamba atakayeketi naye ni mwanawe, binti yake na wajukuu, na mkewe Monari atakuwa kwenye veranda. Nilisubiri jikoni kama msichana anayengoja matokeo ya mtihani.

Alikuja. Alipapasa ukingo wa ubao kwa kiganja, taratibu, kutoka pembe moja mpaka nyingine, halafu akauinamia akaunusa.

"Mvule," akasema. "Imetokaje kwa ule mlango?"

"Nimeifungua, Tata," Monari akasema.

"Wewe?"

"Mimi."

Mzee akacheka. Kicheko kidogo, kikavu, lakini Nyanchoka alinitazama kutoka mbali akainua nyusi. Nashon akapitisha jagi na beseni, akianza na babu yake. Mzee akaombea chakula, akakaa. Nikaketi na mimi.

Alikuwa amekula tonge la tatu mawingu yalipofunga. Yalikuja kutoka ziwani kama wiki iliyopita, ila haya yalikuwa na ngurumo, na turubai zilikuwa nje na mahindi ya Monari juu yake. Tone likaanguka juu ya mabati. Nilimwona mume wangu akisukuma kiti nyuma, magoti yamekunjuka nusu. Nashon tayari alikuwa amesimama. Mzee akaacha kutafuna. Aliweka mkono juu ya sahani, vile vile Valentine alivyonieleza, na kuuelekeza uso wake gizani mwake, akisikiliza viti.

Nilitaka kupiga kelele.

Monari alitazama turubai. Akatazama ule mkono juu ya sahani. Akaketi.

"Nashon," akasema, "keti. Tunakula."

"Dad, mahindi inanyeshewa."

"Naona. Itaanikwa kesho. Pitisha mboga kwa Sokoro."

Mvua ikaja kweli kweli. Ilipiga mabati mpaka hatukusikiana, ikaingia na upepo ikalowesha pindo la kitambaa, na hakuna aliyeinuka. Mimi kwenye veranda yangu nililowa bega moja, nikainua kikombe changu cha dhahabu nikanywa chai polepole, nikiwatazama. Mkono wa Mzee ulitoka kwenye sahani. Alikula ugali wote, akala mboga zote, akafuta sahani kwa kidole, akamwinamia mjukuu wake sikioni. Valentine akanijia akikimbia kwenye matope, anacheka.

"Mum, Sokoro anauliza kama kuna ingine."

Mungu ni shahidi, nilijivuna. Nimeshona sare za nusu ya watoto wa mji huu na sijawahi kujivunia kitu kama ile sahani tupu.

Jumatano, 13 Agosti

Mahindi yamevimba kidogo. Yameanikwa tena. Gari la kwenda Rongo halikutajwa na mtu yeyote.

Ijumaa, 15 Agosti

Majirani wameanza kupita getini kwa kisingizio. Tunapokea Sabato nje, taa imetundikwa kwenye ndoano ya mizani. Monari anakula polepole, anatafuna mpaka namhurumia. Nashon amegundua kwamba babu yake anajua hadithi za machifu wa zamani, tena za uchafu kidogo, na simu yake imeshinda kapuni bila kutafutwa.

Jumapili, 17 Agosti

Nguo tu, mchana kutwa. Nimeshona sare na kuimba.

Jumatatu, 18 Agosti

Homa Bay. Daktari ameridhika sana na jicho. Jioni Mzee aliketi mezani bila bandeji. Kitu cha kwanza alichokishika ni pindo la kitambaa, akalisogeza karibu na uso.

"Hizi ndege," akamuuliza Nyanchoka, "nani alishona?"

"Ni Mokamonari." Mke wa Monari, yaani mimi.

Hakunitazama, heshima hairuhusu amkodolee macho mkwe wake. Aliongea kuelekea kwenye mizani, lakini kwa sauti ya kunifikia. "Zimekaa vizuri. Zinataka kuruka." Nikainama juu ya sahani yangu ili asinione nikitabasamu kama mtoto.

Jumapili, 24 Agosti

Kesho watoto wanarudi shule, na leo Mzee amerudi Rongo. Amenenepa shingo. Nilikunja kile kitambaa chenye ndege nikakiweka kwenye mfuko wake pamoja na kikombe kimoja cha dhahabu na kisahani chake, nimevifunga kwa gazeti. Monari akaniuliza kama nina hakika, maana seti ni ya harusi. Nikamwambia harusi ilikuwa ya watu wawili, vinavyobaki vinatutosha.

Meza tumeiacha nje. Hakuna aliyependekeza kuirudisha.

Alhamisi, 28 Agosti

Simu yangu imelia nikiwa natia uzi kwenye sindano. Namba ya Mzee. Katika miaka yote hii hajawahi kunipigia mimi. Hupitia kwa mwanawe. Nikasimama wima, kana kwamba ananiona.

"Mokamonari. Hii kitambaa, nikifua na sabuni ya kipande, rangi itatoka?"

"Haitatoka, Tata. Tumia maji baridi, na uanike kwa kivuli. Piga pasi kabla haijakauka sana."

"Pasi ya makaa?"

"Hiyo hiyo. Isiwe moto sana."

Nikasikia kuku, na mtu akicheka kwa mbali. Nikajipa moyo nikamuuliza anakula wapi siku hizi.

"Nje. Pale mama yenu alikuwa anapenda. Nimeita fundi akapiga meza, si kubwa. Zablon wa hapo jirani anakuja jioni tunakula na yeye, mke wake pia alienda." Akakohoa. "Lakini kikombe ni moja. Tunaangaliana."

Nimefungua kabati sasa hivi nikatoa cha pili. Monari atapita Rongo kesho na lori, atakipeleka. Nilisimama nikalitazama lile kabati lenye mapengo mawili pale mbele, mahali wageni wanapotupia macho kwanza, na sikusogeza vikombe vilivyobaki kuyaziba.